Puli Iliyopakwa Rangi

Mwili ulikuwa bado umefungwa mkanda. Gari lilikuwa limelala ubavu chini ya kona ya mlimani, pua ndani ya mtaro, na dereva wake, kijana aliyejulikana kwa jina la Mshale, alikuwa ameegemeza shavu kwenye usukani kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Inspekta aliinama akamtazama. Alikuwa ametoka zamu moja akaingia nyingine, na mgongo wake ulimdai kitanda.

"Mwendo tu, afande," alisema askari wa usalama barabarani. "Vijana hawa tumewaimbia mpaka sauti zimekauka."

"Alama za breki?"

"Hizo hapo."

Zilikuwa ndefu, zimenyooka. Barabara ilikata kona, matairi hayakukata. Anayekiona kifo mbele yake huvuta usukani. Huyu ama hakuvuta, ama alivuta ukamgomea.

"Lipelekwe yadi ya kituo. Asiliguse mtu mpaka mkaguzi wa magari alifungue."

Mkaguzi alilifungua. Inspekta alipofika yadi, alimkuta ananawa mikono kwa petroli, uso umemwiva kwa jua.

"Krenki imekatika, ule mhimili mkuu wa injini," alisema. "Na ilikatika kabla gari halijaacha njia. Injini ikazima, usukani ukawa mzito kama jiwe."

"Chuma kama hicho hukatikaje?"

"Kwa kuchoka. Kama mimi na wewe." Alimwonyesha palipokatika: mistari myembamba iliyopindana, mmoja nyuma ya mwingine, kama pete ndani ya gogo. "Ufa ulikuwa unatembea polepole. Aliyeutembeza ni huyu."

Aliweka puli mezani, gurudumu dogo linalofungwa kwenye ncha ya krenki kuzungusha mkanda wa injini.

"Puli ya kiwandani ya gari hili ina mpira katikati. Mpira unameza mtetemo. Madukani kuna hizi za alumini, nyepesi, hazina mpira. Gari linachangamka, vijana wanazipenda. Injini nyingine huzivumilia. Hii haivumilii. Ukiinyima mpira, mtetemo wote unarudi kwenye krenki."

"Kwa hiyo walikosea kuchagua."

"Nami nilidhani hivyo." Alichovya kitambaa kwenye thina, akaipangusa. Rangi nyeusi ilibanduka, alumini ikang'aa. Kisha akapangusa pete ya kijivu iliyozunguka katikati. Nayo ikafutika. "Mtu amechora mpira, afande. Kwa brashi."

"Na ufungaji wake?"

"Safi kabisa. Bolti mpya, imekazwa kwa kipimo chake. Mkanda umenyooka. Aliyefunga ni fundi hasa."

Inspekta alivuta kiti akaketi. Ajali ingekuwa afadhali. Faili lingefungwa, kila mtu akalia kilio chake. Fundi hodari, puli mbaya na rangi ya kuficha: hiyo si ajali.

Mjane wa Mshale aliishi vyumba viwili uani kwa kaka wa marehemu. Mimba yake ilikuwa imekua. Alikaa mkekani, mkono mmoja kiunoni.

"Gari lilitengenezwa na nani?"

"Shemeji. Nani mwingine? Mume wangu hakumruhusu mtu mwingine hata kufungua boneti."

"Waligombana?"

"Wazazi walipokufa, mume wangu hata meno hajaota. Shemeji ndiye aliyemlea. Wagombanie nini?" Akasema chini chini, "Ila haya mashindano ya magari mlimani. Hapo hawakupikika chungu kimoja."

Muuza spea alikuwa mtu wa mdomo mwepesi. Alipoonyeshwa puli, aliigeuza mara moja tu.

"Naikumbuka. Niliiuza hivi hivi, bila rangi. Nikamwonya: hii si ya injini hiyo, utaiua."

"Ulimwonya nani?"

"Fundi Kimya. Akanijibu, 'Najua.' Mimi nikaona ni maringo ya mafundi."

Fundi Kimya alikuwa kaka wa Mshale. Inspekta alimkuta gerejini, amesimama mbele ya injini ya mtu, spana mkononi, hafanyi chochote. Juu ya rafu, ndani ya kitambaa safi, palikuwa na puli ya kiwandani, mpira wake mzima.

"Hii ya nani?"

"Ya mdogo wangu." Akaweka spana chini. "Twende, afande. Nilikuwa nakusubiri."

Kituoni, Inspekta alimsomea onyo: ana haki ya kunyamaza, na atakachosema kitaandikwa.

"Nimenyamaza maisha yangu yote," alisema Fundi Kimya. "Andika."

"Ulibadilisha puli?"

"Ndiyo."

"Ukaipaka rangi?"

"Asije akaijua. Ana macho, yule."

"Ulitaka afe?"

Aliitandaza mikono yake mikubwa juu ya meza. "Nilitaka injini ife. Nilidhani itagongagonga kwa ndani, itakufa hapo gerejini akiipasha moto. Nimwambie, basi, hii haitengenezeki tena. Nimtafutie kigari cha kwenda kazini. Nilitaka kumuua nyoka bila kuvunja fimbo."

"Hakusikia mtetemo?"

Fundi Kimya alipangusa meza kwa kiganja, kana kwamba ina mafuta.

"Alisikia. Aliniletea. Akasema, 'Kaka, gari linatetemeka, hebu litazame.' Nikafungua boneti, nikajifanya naangalia." Machozi yalimshuka bila sauti. "Nikamwambia ni mafuta machafu, endesha tu. Akacheka, akanipiga begani, akaondoka. Hakuwahi kunitilia shaka hata siku moja."

Inspekta aliandika. Kalamu ilikuwa nzito.

"Kwa nini hukumkataza tu hayo mashindano?"

"Nilimkataza mpaka tukaanza kupishana mlangoni kama wapangaji. Halafu mkewe akaja kwangu usiku... hapana." Alisita. "Hilo usiliandike, afande."

"Alikuja kusema nini?"

"Alipiga magoti. Akasema, 'Shemeji, fanya lolote, mtoto huyu asizaliwe yatima.' Akilisoma hilo, atajiona yeye ndiye aliyeshika spana. Nifungeni, lakini yeye mwacheni alee."

Sheria ilitaka kila neno. Inspekta alikuwa ameandika maneno ya watu miaka mingi, mengi yakiwa ya uongo, na leo lililokuwa kweli ndilo alilotamani kutoliandika.

"Alikutajia puli?"

"Hata puli haijui."

"Alikuambia uharibu gari?"

"Hapana. Kufanya lolote, basi. Mimi ndiye niliyechagua hilo lolote."

Inspekta aliandika sentensi moja, akaisoma kwa sauti: "Mke wa marehemu aliniomba nimsaidie kumwokoa mumewe, njia niliichagua mwenyewe."

Fundi Kimya aliisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu akatia sahihi.