Fundi Aliyeitwa Darasani

Mwalimu alikuwa ameshika upande mmoja wa gunia, fundi cherehani ameshika upande wa pili, na watu wakipita huku wakiwasukuma, maana soko lilikuwa limefurika jioni ile.

"Dada, hili gunia nimeliona mimi kwanza."

"Wewe umeliona kwa macho, kaka. Mimi nimelishika kwa mikono."

Fundi akacheka. "Mabaki ya vitambaa! Utashona nini na vipande vidogo hivi?"

"Nafundisha chekechea. Wiki hii tunajifunza vitu vya kuchezea. Kila mtoto ashike kitambaa, ubao na plastiki, aniambie kipi laini, kipi kigumu. Halafu tutengeneze wanasesere."

Fundi akalitazama gauni la Mwalimu, la kijani lenye maua madogo, na vidole vilivyochafuka rangi. Akaliachia gunia.

"Chukua. Ukishindwa kushona, duka langu liko nyuma ya kituo cha mafuta."

Mwalimu alishindwa makusudi.

Fundi akamshonea sungura, kisha tembo, kisha wanasesere wa kila rangi. Simu zikawa haziishi.

"Tembo wangu hajambo?"

"Wamemng'oa sikio."

"Wanafunzi wako wakatili kama mwalimu wao."

"Nimekukosea nini tena, mpenzi?"

"Tangu asubuhi hujanipigia."

Wakafika mahali pa kuzungumzia ndoa. Lakini kila Mwalimu aliposema "watoto wetu", Fundi aliinamia cherehani kana kwamba uzi umekatika.

Siku moja Mwalimu akamwomba aje darasani awaonyeshe watoto jinsi mwanasesere anavyotengenezwa. Alikataa, akabembelezwa, akakubali. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Watoto walikaa duara kwenye mkeka. Kwanza walicheza mchezo wa kubahatisha: mtoto anaingiza mkono kwenye mfuko, anapapasa, anasema ameshika nini.

"Gari!"

"Gari lenye manyoya?" Mwalimu akamuuliza, na darasa zima likaangua kicheko, Fundi naye akiwemo.

Kisha Fundi akatunga uzi kwenye sindano. Msichana mdogo mwenye nywele zilizofungwa mabutu mawili akaja akamwegemea gotini.

"Baba, mshonee macho haraka. Anaogopa giza."

Fundi akaweka sindano chini. Akainuka, akatoka bila kuaga. Watoto walidhani ni mchezo mwingine, wakapiga makofi.

Mchana kutwa hakupokea simu. Jioni Mwalimu akaenda dukani mwenyewe, na mlangoni akaisikia sauti ya Fundi, ya chini, ikiongea na mtu kwenye simu.

"Usilie, mama. Jumapili nitakuja. Tutakwenda wote kwa mtoto wetu."

"Mtoto wenu!" Mwalimu aliingia kwa kishindo. "Kumbe una familia! Mimi nahangaika na habari za ndoa, wewe unanichezea!"

Fundi akainuka, simu ingali mkononi. Mwalimu hakumsubiri, akatoka.

Kesho yake, watoto walipokuwa wakichukuliwa na wazazi wao, dada yake Fundi alikuja shuleni. Ndiye aliyekuwa akishona vifungo pale dukani, na jana aliyasikia yote.

"Wifi, nisikilize kidogo tu, kisha unifukuze ukitaka. Huyo mtoto wanayemwendea yuko makaburini. Homa ilimchukua hata shule hajaanza. Ndoa nayo haikustahimili, wakaachana. Wanakutana pale tu, na yule mama, Jumapili. Kaka yangu hawezi kulisema jambo hili. Hata mimi hajawahi kunitamkia."

Mwalimu alikwenda dukani mbiombio, aproni ya darasani ingali kifuani.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Wa kuombwa msamaha ni wewe. Ilinipasa nikwambie mapema."

Walikumbatiana kati ya nguo za watu zilizotundikwa. Mwalimu akajifuta machozi.

"Basi nioe."

"Hata kesho, mwalimu wangu. Ila mtoto mwingine siwezi. Jana yule binti aliponiegemea, niliona nakufa nimesimama."

"Labda baadaye..."

"Usikae unaningojea kwa labda. Utazeeka."

Mwalimu aliivua aproni, akaikunja. Nje mtu alipiga honi.

"Ningeweza kukuahidi kwamba sitataka," alisema. "Lakini nitakuwa nakudanganya. Nimetaka mtoto tangu mimi mwenyewe ni mtoto. Kila siku nawakabidhi wa wenzangu getini, narudi nyumbani mikono mitupu."

"Najua. Nakuona unavyowatazama."

Hakuna aliyemkasirikia mwenzake, na hilo ndilo lililowaumiza zaidi. Fundi alifunga duka mapema, akamsindikiza hadi barabarani, wamekamatana mikono kama wachumba wanaotoka sherehe. Taa za magari zilikuwa zimeanza kuwaka.

"Nikikupigia?" Fundi akauliza.

"Usinipigie."

"Hata kukujulia hali?"

"Nakuomba, mpenzi. Ukinipigia, nitapokea."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Akauachia mkono wake, polepole, kidole baada ya kidole, naye Mwalimu akavuka barabara.