Nilikupenda Kabla ya Kukuripoti

Jumamosi hiyo bwawa la kuogelea la manispaa lilifurika watu. Watoto walipiga kelele, filimbi zililia, na maji yalirusha vipande vya mwanga hadi darini. Mwanamke mmoja mwenye suti ya kijivu na viatu vya kisigino alikuwa akipita pembeni akiwatafuta binti za dada yake, simu sikioni, mara akateleza. Chubwi! Alizama mzimamzima, isipokuwa mkono mmoja uliobaki juu ukiwa umeishika simu.

Mwalimu wa kuogelea alijitosa, akamvuta hadi kwenye ngazi. Mwanamke akakohoa, akafuta macho, akaitazama simu kwanza.

"Haijalowa," alisema kwa fahari.

"Na wewe je?"

Akajitazama. Suti imemganda, kiatu kimoja kimetokomea. Kicheko kikampanda kutoka mahali alipokuwa amepasahau, akacheka hadi akaishiwa nguvu.

"Njoo Jumamosi ijayo," mwalimu alisema. "Bila viatu. Nitakufundisha, Samaki."

Kazini hakuna ambaye angethubutu kumwita Samaki. Alikuwa meneja mkuu wa utawala katika idara ya usalama wa taifa. Wengine pale walibeba siri. Yeye aliwabeba wenye siri. Alijua gari lipi breki zimechoka, nani hajaenda likizo tangu mkewe ajifungue, ufunguo wa kabati lipi umesahauliwa mfukoni mwa nani. Afisa akifia mbali, yeye ndiye aliyepanga mazishi, kisha akaketi na mjane huku akichagua maneno.

Lakini Jumamosi alilala chali juu ya maji, kiganja cha mwalimu wake, ambaye sasa alimwita Kocha, kikiwa chini ya mgongo wake.

"Niachie uzito wote," Kocha alimnong'oneza. "Unajishikilia mno."

Akaachia. Masikio yakajaa ukimya, dari ikawa mbingu, na alipogeuza macho akaona kile kiganja kimeondoka kitambo. Alikuwa anaelea.

Jioni simu ilikuwa yao.

"Umekula, Samaki?"

"Bado niko ofisini."

"Kazi gani hiyo isiyojua saa ya chakula?"

"Utawala, mpenzi. Leo nimegombana na watu juu ya viti."

"Viti! Kumbe serikali ingeanguka bila wewe."

"Usicheke. Ingeanguka kweli, maana vile viti havina miguu."

Kocha alicheka, na yeye akafumba macho akikisikiliza kicheko kile kama mtu anayeota moto.

Siku Kocha alipoanza kusema "nyumba yetu", moyo ulimruka, kisha ukatulia mahali pagumu. Idarani palikuwa na sheria, na msimamizi wake ni yeye: mtumishi akitaka kufunga ndoa, mchumba aripotiwe, achunguzwe. Aliwahi kuisimamisha harusi ya kijana aliyeiruka sheria hiyo. Basi asubuhi moja alivuta pumzi, akaingia kwa mkurugenzi mkuu.

"Nina mtu," alisema.

Aliruhusiwa kumdokeza Kocha mapema. Kila jioni alijiambia atasema, na kila jioni sauti ile laini ilimfanya aahirishe. Aliogopa kuamka kutoka kwenye ndoto ile.

Kisha Kocha akapiga simu mchana, jambo asilolizoea.

"Mama yangu analia," alisema. "Wanaume wawili wamekwenda kumuuliza nina marafiki gani, nina madeni gani. Wamezunguka hadi kwa majirani. Anadhani nitakamatwa. Mimi nimefanya nini?"

"Hutakamatwa," yeye akasema upesi. Kocha akaisikia ile hakika.

"Unajua kitu."

"Mimi ndiye niliyekuripoti," akasema. "Ni sheria ya kazini kwetu, kwa anayetaka kuolewa. Niko idara ya usalama."

"Kumbe viti." Sauti ilikuwa imepoa kama maji ya alfajiri. "Ulilala juu ya kiganja changu ukijua kuna watu wananipekua?"

Simu ikakatika. Jumamosi iliyofuata mwanamke hakwenda bwawani. Alikaa kitandani na nywele zake kavu.

Jumapili aliacha gari la ofisi, akavaa gauni jepesi la maua, akaenda mwenyewe kwa mama yake Kocha, muuguzi mstaafu aliyeishi ghorofa ya juu kwenye jengo la zamani.

"Shikamoo, mama. Wale watu walikuja kwa ajili yangu. Nimekuja kuomba radhi. Na mimi nichunguze, uniulize utakalo."

Mama akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara. "Marahaba. Kaa hapo. Umewahi kuolewa?"

"Niliwahi. Tuliachana."

"Kisa?"

"Nilikuwa narudi nyumbani nimenyamaza, mama. Akachoka kuishi na ukimya."

"Na mwanangu utamnyamazia?"

"Ya kazi, ndiyo, hata akinililia. Ya moyo wangu, sitamficha tena."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Kocha alisimama pale na taulo begani. Alikuwa amesikia yote.

"Nina swali moja," alisema. "Ulinipenda kabla ya kuniripoti, au baada?"

"Kabla. Ndiyo maana nilikuripoti."

"Na wakinikataa?"

"Nimeshamwambia mkurugenzi atafute wa kukaa kwenye kiti changu."

Kocha akamsogelea polepole, akachuchumaa mbele yake. Mwanga wa alasiri ulikuwa ukipita kwenye pazia, ukatetemeka ukutani. Akaishika mikono yake yote miwili.

"Hicho kiti usikiache, Samaki. Ila nakuomba nikuoe. Jibu niambie mwenyewe, nisisikie kwa jirani."

"Nimekubali," akasema, machozi yakimtiririka bila aibu. "Nimekubali, mpenzi wangu."

Jibu la idara lilikuja wiki mbili baadaye, tena lilikuwa jema. Lakini kufikia siku hiyo mama alikwisha kugonga mlango wa kila jirani aliyehojiwa, akimwambia: "Mwanangu haendi jela. Anaoa."