Chumba Kilichong'olewa Mlango

Sauti ilipiga hodi alasiri, mahali ambapo hapakuwa na mlango wa kubishwa.

Mlango wenyewe ulikuwa umeng'olewa juzi yake. Mwenye nyumba, ambaye wapangaji walimwita Mama Kufuli akiwa hayupo, hakuhangaika na mahakama wala madalali. Mpangaji akichelewesha kodi, alikuja na bisibisi yake, akafungua bawaba moja moja, akaubeba mlango hadi sebuleni kwake na kuuegemeza ukutani. Basi. Matusi hakutoa, vyombo hakugusa. Alikuachia pazia, akijua kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kulala wiki nzima chumba kikiwa wazi kama kibanda cha sokoni. Utahama mwenyewe, tena kwa kunyata. Roho ile sijui iliumbwa kwa udongo gani.

Safari hii zamu ilimwangukia Fundi. Alikuwa akishona magodoro kiwandani, na kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na sindano yake ndefu pamoja na ahadi kwamba ataitwa tena. Hajaitwa. Mkewe, Msusi, alisuka watu nywele barazani, lakini wateja wake wengi walikuwa wake wa mafundi wa kiwanda kilekile, nao sasa walisukana wenyewe kwa wenyewe. Kodi ikalala mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minne, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ya shavuni.

Kilichomuuma Msusi zaidi ni majirani. Tangu mlango uondoke, hakuna aliyejisumbua kubisha. Walipita, wakainua pazia kwa kidole, wakauliza "Mpo?" huku macho yakizunguka ndani kuona kama wameanza kufungasha. Kwa hiyo aliposikia hodi, taratibu, kwa sauti nzito ya mtu mzima mwenye adabu zake, moyo ulimlainika.

"Karibu!" aliitikia huku akikunja nguo. "Karibu ndani, hapa ni kwako."

Pazia lilivimba kuja ndani. Likabaki limevimba kwa muda ambao mtu mrefu angeutumia kuinama na kupita, kisha likatulia. Hakuingia mtu. Iliingia harufu tu, ya shimo lenye maji yaliyolala siku nyingi. Msusi alitoka kutazama. Uani palikuwa na nguo kwenye kamba na paka aliyesimamisha manyoya.

Fundi alipoelezwa alicheka. "Njaa hiyo, mke wangu. Siku hizi nayo imejifunza adabu."

Kesho yake kigoda kilikutwa uani. Siku iliyofuata ikawa sufuria, bado ya moto, imewekwa vizuri juu ya kigoda. Kisha viatu vya Fundi, vimepangwa pamoja, ncha zikielekea getini. Fundi alipandwa na hasira, akaenda kubisha kwa Mama Kufuli.

"Hodi!"

"Umeleta?" ilijibu sauti kutoka ndani. Ndivyo alivyojibu hodi ya kila mpangaji. Neno karibu alilitunza kwa wenye pesa mkononi, na yeye mwenyewe alipokwenda kwa wapangaji hakupiga hodi hata siku moja. Aliingia tu.

"Mlango umeuchukua," Fundi alifoka, "sasa unatutolea na vyombo?"

"Vyombo vyenu mimi sivigusi. Vinaniwasha."

Hakuwa akidanganya, na Msusi alilijua hilo kabla ya mumewe kurudi na kulaani. Alikuwa ameshaanza kusikia pumzi pembeni mwa kitanda, pumzi ya mtu aliyeshiba. Alikuwa amekalia kiti akakikuta kina joto. Ndani ya ndoo ya maji, aliyoifunika kwa mkono wake mwenyewe, zilielea nywele za mvi, ndefu kama mkono, na katika miaka yake yote ya kusuka hakuwahi kushika nywele zinazojikunja zenyewe kukimbia vidole. Kidoti naye alianza kulala ukingoni mwa godoro lake dogo.

"Sogea katikati, utaanguka," Msusi alimwambia.

"Katikati kuna babu. Anasema humu ni kwake, mama ulimpa."

Msusi alimbeba, akamweleza Fundi. Fundi alisema watoto wana maneno, akageukia ukutani. Alikuwa mtu mwema, lakini jambo lisiloshikika kwa mkono kwake halikuwepo.

Alasiri moja Msusi alikwenda bombani, hatua chache tu nyuma ya nyumba, akimwacha Kidoti amesinzia, na wakati ndoo inajaa alisikia kitu kikiburutwa juu ya saruji, kikaburutwa kikatua, kikaburutwa kikatua, kama mtu anayehamisha mzigo bila haraka kwa kuwa hana wa kumzuia, akaiacha ndoo ikimwagika akakimbia, akapita pazia akakuta sakafu tupu pale lilipokuwa godoro la mwanawe, akatoka tena akiita jina lake, mpaka akamwona getini, amelala palepale juu ya godoro lake, shuka limechomekwa pande zote kwa uangalifu, miguu ikielekea barabarani ambako malori yalipita karibu kiasi cha kuzitikisa nywele zake, na nywele zenyewe zilikuwa zimelowa, zimesukwa upya kwa msuko ambao Msusi hakuujua.

Kidoti alifumbua macho. "Mama, babu amesema kesho ananipeleka ng'ambo ya barabara."

Msusi alimbeba mwanawe mgongoni moja kwa moja hadi kwa mshona viatu wa pembeni mwa barabara, mganga aliyeendewa na watu waliojidai wanapeleka viatu. Alimsikiliza misumari ikiwa midomoni, bila kuacha kazi.

"Ulimwona kwanza ndipo ukamkaribisha?"

"Sikumwona, baba. Nilisikia tu."

"Basi hilo ni jini la alasiri, na mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Amekaribishwa kwa mdomo. Hatoki mpaka mdomo mwingine umkaribishe kwingine." Alitema msumari. "Tembea, atakufuata, maana ameipenda karibu yako. Lakini akishawatoa wa nyumba hiyo atatafuta nyingine. Kuanzia leo, ukisikia hodi alasiri, chungulia kwanza. Usipoona mtu, funga mdomo wako na wa watu wako."

Msusi hakuuliza ampeleke wapi. Alikunja vitambaa vyake vya kusukia, akavifunga ndani ya leso mpaka vikawa furushi la kupendeza, akasimama katikati ya chumba na kusema kwa sauti, "Twende, mgeni." Harufu ikamkaa kisogoni. Alivuka ua, na nyuma yake saruji ikalowa alama za nyayo pana.

"Hodi!"

"Umeleta?"

"Nimeleta, mama. Yote."

Kiti kililia. Mama Kufuli alifungua mlango, macho yakatua kwenye furushi, na uso wake wote ukachanua. "Alaa! Karibu, mwanangu, karibu." Kisha alitazama juu ya bega la Msusi. "Na huyo mzee uliyekuja naye asisimame juani. Karibu ndani, baba, pita."

Baridi ilimpita Msusi begani. Akageuka akaondoka na furushi lake. Hakuona huruma hata kidogo, nami simlaumu.

Kesho yake makochi ya Mama Kufuli yalikuwa uani. Halafu kabati. Halafu ule mlango, umesimamishwa kwenye ukuta wa nje, na Fundi aliuchukua bila kuomba, akaurudishia bawaba zake huku akipiga mbinja. Mwisho akatolewa Mama Kufuli mwenyewe. Walimkuta getini juu ya godoro, shuka limechomekwa pande zote, nywele zimesukwa, mdomo haufunguki tena. Alishinda pale siku nzima akitazama barabara.

"Amechanganyikiwa, maskini," Fundi alisema. Msusi alimweleza yote, neno kwa neno, pamoja na onyo la mshona viatu. Fundi alimshika bega kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Ikaja alasiri nyingine. Fundi alikuwa amejinyoosha kitandani, mlango umerudishiwa, na Msusi alikuwa dirishani akimchana Kidoti, akimwona Mama Kufuli kule getini, midomo yake imebana.

"Hodi," ilisema sauti ya Mama Kufuli, hapo hapo nje ya mlango, taratibu, kwa adabu.

Harufu ya maji yaliyolala ilipita chini ya mlango. Msusi aliziba mdomo wa mwanawe kwa mkono mmoja, na ule mwingine akaunyoosha kuelekea kitandani, lakini kitanda kilikuwa mbali.

"Kumbe amepona! Leo amejua kupiga hodi!" Fundi alicheka, bila kufumbua macho. "Karibu, mama. Pita ndani, hapa ni kwako."

Bawaba zikalia.