Mayai Mekundu ya Mardhiya

Weka mkono kifuani uape. Sema wallahi hili halitoki mdomoni mwangu, hata nikiulizwa kwa upole huku nimeshikishwa kikombe cha chai na kipande cha mkate wa mayai. Umeapa? Vizuri. Na Sheikha naye aliapa hivyo hivyo mbele ya kaka yake, mkono juu ya msahafu, na haikufika Jumapili mtaa mzima wa Barking ulikuwa unajua. Basi sogea karibu. Kiapo chako utakivunja kwa wakati wako.

Ilianza na nyayo. Alfajiri moja ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na tisa, Hafidh aliteremka kutia udhu akakuta jikoni nyayo za mtoto, mbichi, za udongo mweusi. Zilitoka mlango wa bustani, zikapita mbele ya friji, zikaishia ngazi ya tatu, kana kwamba anayepanda alibadili nia. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Na mtoto wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, Hayat, wa miaka mitano, kalala juu na miguu yake mikavu. Zile nyayo zilikuwa za mtoto mkubwa kidogo kuliko yeye.

Mkewe, Mardhiya, keshashika tambara. Alifuta mbio mbio akisema ni paka wa jirani. Hafidh alivitazama vidole vitano vilivyochapika wazi sakafuni, akamtazama mkewe, akaenda kutia udhu. Mtu aliyezika mtoto miezi mitatu nyuma hajui tena la kuuliza.

Aliyezikwa ni Najla, binti yao wa kwanza, wa miaka saba. Homa ya uti wa mgongo, siku mbili tu, mwezi wa kwanza, ardhi ngumu kwa baridi hata kaburi lilichimbwa kwa mashine. Huyo mtoto alizaliwa hapa hapa London. Kiswahili alikielewa chote mpaka matusi, ila ukimsemesha anakujibu Kizungu, na mama yake alikuwa "Mami" toka alipojua kusema. Mardhiya, ambaye kwao ni Makunduchi, alikuwa akimgombeza kwa hilo kila siku. Sasa angetoa macho yake yote mawili aitwe Mami mara moja tu.

Kilichomponza ni uzio. Upande wa pili wa uzio aliishi Lorraine, mwanamke wa Kizungu, mzee, mstaafu wa jiko la shule, kanisani haendi wala haendi kokote. Ile siku ya mwezi wa tatu ambapo mchana na usiku hulingana, Mardhiya alimuona anafunga riboni za rangi kwenye mti wa miiba, kisha akapiga magoti na kufukia mayai aliyoyapaka rangi, huku akiunong'oneza udongo. Lorraine akamwambia bila haya kwamba ndivyo walivyofanya wazee wa kale kabla ya makanisa. Baridi ikiondoka, unaipa ardhi yai, unaviita vilivyolala chini viamke. Akacheka, akasema yeye huviita vitunguu vya maua, na mwaka jana viliitika vizuri sana.

Mwingine angesema astaghfirullah akaingia ndani. Lakini Mardhiya ni mtu wa Makunduchi, na kwao mwaka ukigeuka watu hukoga baharini na kuchoma kibanda cha makuti, na hakuna anayeona ajabu. Alielewa kwamba huu ndio mwaka wa hawa. Na akalishika neno moja tu: vilivyolala chini.

Ijumaa iliyofuata, Hafidh alipokuwa kazini, alichemsha yai kwenye rangi nyekundu ya ukili, ile waliyomletea kutoka nyumbani asukie mikeka. Alilifukia kando ya uzio pamoja na kikombe cha maziwa. Ila mkono wa mtu hufanya ulichokizoea. Riboni hakuwa nayo. Chetezo alikuwa nacho. Akafukiza ubani, akainama, akaita jina kamili la mtoto, Najla binti Hafidh. Akasikia, chini kabisa, kama mtu anajigeuza kitandani.

Baada ya yai la pili, nyayo. Baada ya la tatu, sauti nyuma ya friji, nyembamba, yenye mchanga ndani yake.

"Mama," ilisema. "Nina njaa, mama."

Moyo wa Mardhiya ulishtuka kwa jambo fulani, na yeye akauziba mdomo. Akakaa sakafuni hadi jua likatoka, akiongea na friji. Sauti ilimwambia inataka mayai saba, Ijumaa saba, kisha itapanda ngazi zote.

Hapo ndipo Hayat alipoanza kulala. Mwanzo alisinzia darasani, mwalimu akaandika barua. Kisha akasinzia huku anatafuna. Daktari alimpima damu akasema hana kitu. Kila Ijumaa nyayo zilipanda ngazi moja zaidi na Hayat akaamka saa moja pungufu, na kufikia yai la tano mtoto alikuwa anafungua macho wakati wa magharibi tu, anaomba maji, anayafumba tena, mikono yake baridi kama ya mtu aliyetoka kufua nje, nywele zake zimeshika harufu ya udongo uliolowa, harufu ile ile iliyojaa jikoni, kwenye mapazia, kwenye mkate, mpaka Hafidh akawa hawezi kumeza kitu ndani ya nyumba ile bila kukumbuka koleo alilolishika mwezi wa kwanza.

Mardhiya aliona. Tusimsingizie upofu. Alimwona mmoja akija na mwingine akienda, akajiambia kwamba la saba likishaliwa wataamka wote wawili, wagombanie kitana kama zamani.

Dada wa Hafidh, Sheikha, alikuja kutoka Southall kuuguza, na macho ya Sheikha unayajua. La kwanza aliloliona si mgonjwa. Ni vidole vya wifi yake, vyekundu hadi viganjani. Jioni ile ile alipiga simu nyumba nne: mwanamke hata mtoto wake hajaoza kaburini, keshajipaka hina. La pili aliloliona ni riboni juu ya uzio. Hapo simu ziliongezeka, maana mchawi alishapatikana.

Wakamwita Mwalimu Mwadini, Mpemba, anayeishi karibu na Edgware Road, mtu mfupi mwenye koti kubwa. Alisimama jikoni akavuta pumzi, akakataa chai. Alisema jini huyu hakuvamia. Kaalikwa, na anapewa chakula, na anayemlisha yuko karibu. Sheikha akanyoosha kidole dirishani, kwa jirani wa riboni na mayai.

"Mayai na riboni ni mchezo wa Wazungu," Mwalimu akasema. "Mimi nasikia harufu ya ubani. Yai, ubani na jina la mtu, hiyo ni karamu. Akila mara saba hatoki tena, na yule mtoto wa juu haamki tena."

Mardhiya alikuwa amesimama na sinia mlangoni. Alisikia kila neno.

Hata hivyo Sheikha alishikilia kwamba ni jirani, wakakubaliana kumnasa Ijumaa, maana nyayo zilipanda siku hiyo. Ijumaa ya saba, baada ya sala ya alfajiri, Hafidh na Mwalimu walikaa nyuma ya pazia la jikoni, na Sheikha, asiyeweza kungoja, akaenda kugonga mlango wa Lorraine ili amtoe kwa mkono. Mardhiya walimwacha juu, kitandani kwa Hayat. Alikuwa kampakata. Alikuwa anahesabu pumzi, na baina ya moja na nyingine palikuwa parefu mno, na chini ya sakafu ile sauti ilikuwa inaita mama, mama, mama, bila kupumua hata kidogo. Akamlaza mtoto. Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka kichochoro, akaingia bustanini kwa nyuma.

Mwanga ulikuwa wa kijivu. Alichimba kwa mikono. Udongo ulikuwa na joto, na shimo lilijifungua lenyewe, na vidole vidogo vilitokeza, vyeupe, virefu kuliko inavyofaa vidole vya mtoto, vikangoja vimekunjuka, kama mtu anayeomba. Alikuwa ameshaunyoosha mkono wenye yai pale taa ya jikoni ilipowashwa.

Wote walikuwepo. Hafidh mlangoni, Mwalimu nyuma yake, na ng'ambo ya uzio Sheikha kamshika mkono Lorraine mwenye koti la kuogea, kinywa wazi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza nani. Mikono ile ilikuwa myekundu mpaka kwenye kiwiko.

Hafidh alikuja taratibu, akachuchumaa mbali kidogo.

"Mardhiya. Najla alikuwa anakuitaje?"

Alikuwa anavitazama vile vidole vya shimoni.

"Nijibu, mke wangu."

"Mami," akasema.

"Na huyu?"

Kutoka shimoni sauti ikaja kwa Kiswahili safi, kitamu, cha Makunduchi hasa: mama, la mwisho, mama yangu.

"Nilijua," Mardhiya akasema, na alisema akimtazama Hafidh, si wengine. "Nilijua toka siku ya kwanza. Nilitaka tu kuitwa."

Lorraine, ambaye hakuelewa hata neno, ndiye aliyeanza kulia.

Kiganja cha Mardhiya kikafumba. Ganda likapasuka, uji wa yai ukachuruzika baina ya vidole, na dirisha la juu likatikisika, na sauti ya usingizi, ya kukwaruza, ikashuka bustanini.

"Mami?"

Hafidh alikuwa keshakimbilia ngazi. Mardhiya hakuinuka. Walimwona wote, Sheikha, Mwalimu, jirani: kapiga magoti, uso kauelekeza dirishani, midomo inamjibu Hayat, na mkono wa pili, ule usio na yai, umezama shimoni mpaka kwenye kifundo, umeshikana na kitu, na hauachi.