Rangi ya Précieuse

Kasindi, mpakani mwa Congo na Uganda, mbele ya forodha, malori yamebanana, wabadilisha pesa wanapiga kelele. Précieuse wa Butembo, kitenge cha manjano kimemkaa barabara, alikuwa akibishana bei na mmoja wao. Gustave, wakala wa forodha kutoka Beni, alimtazama akasahau karatasi zake.

"Brune yangu, mweupe wangu, hiyo rangi ulizaliwa nayo?"

"Nilizaliwa nayo," akajibu. Uongo mtupu! Rangi ilitoka kwenye pomade ya kujichubua.

Wakapendana kwelikweli, mwaka ukapita. Mahari ikapangwa kupelekwa Butembo Jumamosi. Wiki hiyohiyo Précieuse akaenda na marafiki kupumzika ziwani Kyavinyonge, akapaka pomade zaidi ili ang'ae. Ngozi iliyochubuliwa haipatani na jua la ziwa, mama yangu! Alirudi na malengelenge mashavuni, uso umevimba, mwili moto. Zilikuwa siku za Ebola. Kwenye kizuizi cha Beni wahudumu wa afya walimpima homa kwenye paji la uso, wakamtenga palepale. Kwa aibu akazima simu.

Gustave alisikia tu kwamba Précieuse ameonekana ziwani. Wivu ukamwambia yuko na mwanaume mwingine.

Kwenye kituo cha kutengea wagonjwa, muuguzi Rébecca alimpoza mgonjwa uso kwa kitambaa cha maji baridi, akamtundikia dripu.

"Jua peke yake hapana unguza mutu hivi. Ulipaka nini? Ukificha, tutakutunza vibaya."

Précieuse akataja yote. Kisha akawasha simu.

"Uko na nani?" Gustave akafoka.

"Na bauguzi. Chéri, ile rangi haikuwa yangu. Nilikudanganya. Sasa sura imeharibika, na banangojea kuona kama ni Ebola."

Simu ikakatika. Précieuse alilia mpaka machozi yakamchoma vidonda.

Vipimo vilipotoka, Ebola hakuna, akaruhusiwa. Getini, kando ya ndoo ya klorini, alisimama Gustave, shati limekunjamana.

"Mwaka muzima unanificha, Précieuse!"

"Si ulisema unapenda brune?"

"Aah, mais ile ilikuwa ya kuanzia mazungumzo tu! Mwanaume akiona mwanamuke muzuri Kasindi atasema nini? Habari ya mvua?"

Précieuse alitaka kucheka, mashavu yakamkatalia. Hofu ilikuwa bado moyoni.

"Na Jumamosi? Batu ya kwenu batasema nini bakiniona hivi?"

"Batasema yao. Mbuzi za mahari zimeshapanda gari, ziko njiani Butembo. Ukuje na sura ile uko nayo."