Maneno Chini ya Picha ya Dishon

Wavu wa dirisha ulikuwa umekatwa upande mmoja na kukunjwa kwa ndani. Stoo ilikuwa tupu. Sakafuni yalibaki makaratasi ya kufungia na vipande vya kamba ya katani.

"Vitabu vyote vimekwenda," alisema Mwalimu Elkana. "Hakikubaki hata kimoja. Na sherehe ni kesho!"

Ilikuwa Novemba 1963. Nchi ilikuwa inangoja bendera yake, na shule hii ndogo ya sekondari ya Changamwe ilikuwa inangoja wageni wake. Inspekta Thoya alipiga magoti penye dirisha huku ameziba pua kwa kitambaa. Dirisha lile lilitazamana na vyoo vya ndoo, hatua chache tu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyependa kupita upande huo.

"Vitabu gani hasa?"

"Kitabu cha mwaka, Inspekta. Cha kwanza tangu shule kufunguliwa. Kina picha ya kila mwanafunzi wa kidato cha nne, na maneno machache chini yake. Kamati ya wanafunzi imekishughulikia mwaka mzima. Wamejifunza mengi. Kuandika, kuchagua, kutimiza kazi kwa wakati. Nimeyaeleza yote katika dibaji."

"Nani angetaka kuiba dibaji?"

Mwalimu hakucheka.

Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na alama ya buti la mpira, nyeupe kwa chokaa. Soli yake ilikuwa imechanika kisiginoni. Thoya alifurahi mapema mno. Mafundi walikuwa wanapaka chokaa ukuta wa mbele kwa ajili ya wageni, naye akawapanga mstari mmoja na kuwatazama miguu. Wote walikuwa peku. Mmoja alimwambia, "Afande, tungekuwa na buti tungekuwa mafundi wa chokaa?" Wenzake wakaangua kicheko, na Thoya akaondoka na aibu yake.

Akaenda lango la nyuma. Mlinzi, Mzee Mwidani, alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana asubuhi shule nzima ilikuwa uwanjani, mazoezi ya nyimbo. Nani alipita hapa?"

"Hakupita mtu."

"Hata mmoja?"

"Nilikaa hapa tangu alfajiri. Angepita paka ningemjua jina."

Ng'ambo ya njia Bi Mwanasaumu alikuwa anakaanga mahamri. Alijibu kabla ya kuulizwa.

"Na mimi macho yangu yalikuwa kwenye lango hilo tangu niteleke mafuta. Wallahi hakupita mtu, baba. Labda majini, na majini hayasomi vitabu vya Kizungu."

Wakati huo mkokoteni ulitoka langoni ukisukumwa taratibu, ndoo za vyoo zikigongana. Bi Mwanasaumu alivuta kitambaa juu ya mahamri akageukia ukuta. Mzee Mwidani aliinamisha kichwa akajifunika pua kwa pindo la kanzu. Thoya naye aligeuka, kitambaa usoni, hadi mlio wa magurudumu ulipopotea.

Kisha akakishusha kitambaa.

"Bi Mwanasaumu, nani amepita hapa sasa hivi?"

"Hapa? Hakupita mtu."

"Mzee?"

"Hakuna, afande."

Thoya alikitazama kitambaa mkononi mwake. Yeye mwenyewe, mpelelezi, hakuweza kusema kama mwenye mkokoteni alikuwa mrefu au mfupi.

"Na topasi?"

"Ah, topasi!" Bi Mwanasaumu alicheka. "Si umeuliza mtu?"

"Jana alipita?"

"Kila siku hupita. Jana ndiyo alizidi, akaenda akarudi, akaenda akarudi. Yalinuka mabaya hayo! Ilibidi nimwage unga."

Thoya alifuata njia ya magurudumu mpaka kwenye mahandaki ya kumwagia taka, nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mtu mmoja mwembamba, mwenye mvi, alikuwa akinyunyiza chokaa juu ya handaki. Alipomwona afisa alivua kofia.

"Wewe ndiye topasi?"

"Ndimi, bwana. Naitwa Masha. Usisogee, utachafuka."

Thoya alisogea.

"Nyanyua mguu wa kulia."

Masha alinyanyua. Soli ilikuwa imechanika kisiginoni.

"Vitabu viko wapi?"

"Viko pahali pazuri."

"Umevitupa humu?" Thoya alionyesha handaki.

Masha alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Humu? Bwana, mwanangu yumo ndani ya kila kimoja. Ningemtiaje humu?"

"Mwanao nani?"

"Dishon. Alifariki Agosti, kwa pepopunda. Alikuwa kidato cha nne."

Thoya alitoa kalamu, halafu akairudisha mfukoni. "Ulivitoaje?"

"Kwa ndoo. Lakini si hizi za kazi tu hivi hivi. Nilizisugua kwa majivu na maji ya moto, nikazianika juani, nikazisugua tena. Nikatandika gunia jipya ndani. Ungeweza kunywea maji."

"Mwuza mahamri anasema jana ulinuka kupita siku zote."

Masha alitabasamu kidogo, bila furaha. "Jana ndiyo siku niliyokuwa msafi, bwana."

Thoya aliona haya. Akauliza swali la kazi yake. "Kwa nini uliiba?"

Masha aliziinamia buti zake.

"Sisi hufungua vyoo kwa nyuma, tukavuta ndoo. Walio ndani hawatuoni. Juma lililopita vijana wawili walikuwa ndani, ukuta tu kati yetu. Wakasema maneno yaliyoandikwa chini ya picha ya Dishon. Wakayarudia. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa."

"Maneno gani?"

"Utayasoma mwenyewe. Mdomo wangu hauyasemi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nilimkataza, bwana. Nilimwambia, shuleni usiseme mimi ni babako. Sema babako ni mkulima. Lakini mwalimu alipouliza kazi za wazazi, alisimama akasema. Alikuja nyumbani kuniambia, amefurahi."

"Na mama yake?"

Hapo sauti ya Masha ilibadilika.

"Hajui. Shule ilimpelekea kitabu kimoja mapema, eti heshima ya msiba. Wala yeye hajui kusoma, wala mimi. Kila ajaye nyumbani humwomba amsomee. Mwinjilisti amesoma, mwenye duka amesoma. Wote husoma mema. Bwana, andika nimeiba. Nitakiri, nitafungwa. Lakini usiandike kwa nini. Likisomwa mahakamani, Kache atasikia. Hilo tu nakuomba."

Walikwenda pamoja hadi nyumbani kwake Chaani. Kache alikuwa ameenda kisimani. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi lenye msalaba wa mbao, na ubavuni mwake udongo mpya. Masha alifukua kwa mikono. Vitabu vilikuwa vimefungwa kwa shuka ya marekani, vikavu, vikinuka wino.

Thoya alichukua kimoja, akafunua. Kitabu kiliandikwa Kiingereza, isipokuwa maneno ya chini ya picha. Hayo yaliandikwa kwa Kiswahili ili utani unoge. Alimwona kijana mwenye masikio makubwa, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, akitazama kamera bila wasiwasi.

*Dishon Masha. Ukimkosa, fuata nzi.*

Thoya alikuwa ameshatoa maiti majini na visimani. Alikuwa amekula chakula chake baada ya mambo ambayo hawezi kumsimulia mkewe. Siku hiyo alitembea hadi kwenye ua akatema mate, akatema tena, na ladha haikutoka.

Alirudi shuleni na kitabu kile. Mwalimu Elkana alimpokea ofisini, pamoja na Matano, kiranja mkuu na mhariri wa kitabu.

"Vimepatikana?"

"Vimepatikana."

"Vimeharibika?"

"La. Ni safi."

"Mungu asifiwe! Basi kesho tutavigawa. Mwizi ni nani?"

"Masha. Topasi."

Matano alicheka kwa pua. "Topasi? Basi si safi, mwalimu. Tutavigawa na manukato."

Thoya aliweka kitabu mezani, kimefunuliwa. Kicheko kikakatika.

"Nani aliandika haya?"

"Ni utani, afande. Kila mtu ana wake. Hata mimi wameniita Bwana Kioo."

"Nimeuliza nani."

"Kamati."

"Kamati haishiki kalamu. Nani?"

Matano alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama dirisha.

"Mimi. Lakini walicheka wote. Hata mwalimu alicheka."

"Wakati ule alikuwa hai," alisema Elkana haraka. "Iliandikwa Juni."

"Kurasa zilirudi lini kutoka kwa mchapaji, za kusahihishwa?"

"Septemba."

"Dishon alizikwa Agosti. Ulikwenda mazikoni, Mwalimu?"

"Nilituma rambirambi."

"Na Septemba mlisahihisha nini?"

Elkana alifunga kifuniko cha wino.

"Matano?"

"Picha yangu," alisema Matano. "Tai ilikuwa imepinda. Nilipigwa nyingine."

"Mchapaji akapanga ukurasa upya kwa ajili ya tai?"

"Ndiyo."

"Na ukurasa wa Dishon?"

"Mwalimu alisema tukigusa zaidi tutachelewa."

"Halafu mkampelekea mama yake."

"Sikukumbuka walichoandika!" Elkana alipaza sauti. "Ni kitabu kizima, Inspekta! Nilitia sahihi bahasha tu."

Thoya alimgeukia kijana. Hakuwa mtoto tena huyu, alikuwa na ndevu changa na viatu vinavyong'aa. Baada ya mwezi angekaa katika ofisi fulani iliyoachwa na Mzungu, na watu wangesimama mbele yake na shida zao.

"Dishon alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu."

"Basi kwa nini?"

Uso wa Matano ulianza kulegea, na maneno yakatoka kidogo kidogo.

"Alikuwa wa kwanza. Miaka yote minne, kila mtihani. Babangu alikuwa akiniuliza, umeshindwa na nani? Nikamwambia. Akauliza, mwana wa nani? Nikamwambia. Akanicheka mbele ya wadogo zangu." Alipangusa pua kwa mkono. "Nilitaka pawe na mahali pamoja tu nimpite. Mahali pa kudumu."

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo, afande."

Thoya alifunga kitabu.

"Mkiendelea na mashtaka, hiki ni kielelezo. Hakimu atataka kujua sababu ya wizi. Matano atasimama asome mstari huu kwa sauti, na Mwalimu atasimama aeleze alicheka nini."

Elkana alinyoosha karatasi ambazo hazikuwa zimepinda. "Waandishi wa magazeti huwapo mahakamani?"

"Huwapo."

"Kwa ajili ya jina la shule, basi, tunaondoa mashtaka."

"Kwa ajili ya jina la shule."

"Na la marehemu pia, bila shaka. Tutachapisha vingine, Inspekta. Ukurasa wake tutautoa kabisa, kusiwe na matatizo."

"Mtamtoa Dishon."

"Ukurasa tu."

Thoya alichukua kofia yake. "Kweli mmejifunza mengi," alisema, akatoka bila kuaga.

Jua lilikuwa linazama upande wa Miritini alipofika tena Chaani. Masha alikuwa amekaa mlangoni, ameoga, amevaa shati jeupe na koti, tayari kukamatwa.

"Vua koti, mzee. Hakuna kesi."

Masha aliangalia ndani ya nyumba, kisha akamwangalia inspekta kwa macho ya kuuliza. Thoya alitikisa kichwa. Kache hakuwa ameambiwa lolote.

Kache alitoka. Alikuwa mama mfupi, kichwa amekinyoa kwa msiba. Mkononi alishika kitabu, kidole kikiwa kwenye ukurasa.

"Wewe ndiwe serikali?"

"Naam, mama. Mimi ni polisi."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Masha aliinuka. "Kache, mgeni amechoka, mwache anywe maji kwanza."

"Atakunywa." Alikaa kwenye mkeka, akafunua kitabu mapajani. Thoya aliona pembe za ukurasa zimelainika kwa kushikwashikwa. Mwili wake wote ulikuwa umejiandaa kusema uongo. Alikuwa nao tayari: *kijana mwadilifu, hatutamsahau.*

"Mwinjilisti alinisomea," alisema Kache. "Alisema pameandikwa, Dishon alimpenda Mungu. Nikashukuru. Mwenye duka akanisomea, akasema pameandikwa, Dishon hodari wa hesabu. Nikashukuru. Mwalimu wa chekechea naye akanisomea, akasema pameandikwa, mtoto mpole. Kisha akalia, akaondoka bila kunywa chai."

Alimtazama Thoya.

"Mwanangu aliniambia maandishi hayabadiliki. Alisema huo ndio uzuri wake, leo na kesho yatasema lile lile. Sasa haya ya kwake kwa nini kila mtu ana yake?"

Masha alishika mwimo wa mlango.

"Basi wewe usinisomee," alisema Kache. "Nionyeshe tu yanapoanzia."

Thoya aliinama. Aliweka kidole chini ya kidevu cha kijana, kwenye uweupe mwembamba kati ya picha na maneno.

"Hapa, mama."

Kache alitoa kisu kidogo cha kukatia mchicha. Alikata taratibu, ulimi umebanwa kati ya meno, mpaka maneno yakabaki peke yake, kipande chembamba cha karatasi. Ile picha aliipangusa kwa kiganja akaiweka kifuani, ndani ya nguo.

Kipande akampa inspekta.

"Hiki chukua," alisema. "Ni chenu, nyinyi mnaojua kusoma."