Niliandika Kuwa Nimeona

Nina miaka hamsini na mbili, baba wa watoto watatu, mkazi wa Buhongwa, Mwanza. Natengeneza pampu za maji. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na daftari. Naeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyoniponza... Watu waliniamini kwa kuwa naandika kila kitu.

Kwenye uwanja wetu wa vumbi wa mbio za magari, nilikuwa msimamizi wa kona. Unakaa nyuma ya matairi yaliyopangwa, una bendera ya njano na daftari. Magari yakigongana mbele yako, ripoti yako ndiyo inayoamua nani alaumiwe. Kanuni ni moja: anayepita kwa ndani, kama tairi lake la mbele limefika usawa wa mlango wa mwenzake kabla ya kukata kona, lazima aachiwe nafasi. Kama halijafika, apunguze mwendo yeye.

Siku hiyo waliogombea ushindi walikuwa wawili. Salum, kijana wa ukoo wa mafundi seremala wa mjini, na Deus, mdogo wake mke wangu. Sisi ni watu wa Kagera. Asubuhi ndugu yake Salum alinipitia akicheka: "Mzee, leo kona ni ya shemeji yako. Msibebane sana Wahaya, mtuachie hata vumbi." Wenzake wakaangua kicheko. Nilitabasamu, lakini maneno yale yaliniingia.

Mzunguko wa mwisho, gari moja la nyuma lilipita likadondosha bampa. Nikainama kuandika namba yake. Sekunde tatu, labda nne... Nikasikia mshindo. Nilipoinua kichwa, gari la Salum lilikuwa limelala ubavu, na la Deus limesimama katikati ya njia, taa ya mbele imevunjika.

Sikuona. Ndugu msomaji, lishike hilo. Sikuona tairi la Deus lilikuwa wapi.

Salum alitolewa hai, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umepondeka.

Alasiri kamati ilikaa chini ya turubai, nikapewa karatasi. Deus alikwishaeleza kuwa alifika usawa wa mlango, Salum akamfungia njia. Nilitakiwa kuandika neno moja tu: sikuona. Lakini mimi, mtu wa daftari, niseme sikuona? Si wangesema namficha shemeji? Ndugu zake Salum walikuwa wananitazama...

Nikaandika kwamba nimeona gari la Deus likiingia kwa ndani kabla halijafika usawa wa mlango. Nikapima hata alama za matairi, nikaambatanisha mchoro. Mchoro safi kabisa.

Walionikejeli asubuhi wakanipa mkono. "Mzee umenyoosha," wakasema. Nikajiona mwadilifu, mtu asiyependelea hata wa kwake! Kumbe niliogopa tu kusemwa.

Deus alifungiwa kushindana. Aliniuliza kitu kimoja: "Shemeji, kweli uliona?" Nikamjibu niliona.

Alikuwa na gereji. Wateja wakapungua, maana nani ampe gari mtu aliyemvunja mwenzake mguu, mpaka shemeji yake akathibitisha? Kisha wazazi wa mchumba wake wakarudisha posa. Mwishowe akafunga gereji, akahamia Sengerema kuendesha trekta la mtu. Mke wangu anapika, ananisalimia... zaidi ya hapo hana maneno na mimi.

Baada ya miezi saba nikashindwa kuvumilia. Nilianza kwa Salum, nikidhani yeye anaujua ukweli. Nilimkuta uani kwao, magongo yameegemea ukuta. Akaniambia hakumbuki chochote tangu magari yalipoondoka. "Mimi nilisoma ripoti yako, mzee. Ndiyo ninayoijua."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, nikakiri yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole. "Mama amekununia nyumbani, eh? Tunaelewa, mzee. Lakini siku ile ulikuwa bado hujabembelezwa. Tunabaki na ripoti ile." Uongo wangu aliuamini mara moja. Ukweli wangu aliuona upendeleo.

Nikavuka ziwa pale Kigongo kumfuata Deus Sengerema. Alizima trekta, akashuka, akaniamkia shikamoo kama zamani. Nikamwambia sikuona.

"Najua, shemeji," akasema. "Dereva akiingia kona huangalia bendera kwanza. Nilikuona umeinama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Nilisubiri useme wewe."

Akarudi kwenye trekta, kazi ilikuwa haijaisha. Nilisimama pembeni ya shamba mpaka alipofika mwisho wa tuta na kugeuza...

Hadi leo sijui nani alikosea. Pengine Deus kweli aliingia kabla ya kufika usawa wa mlango. Pengine Salum alimfungia. Aliyetakiwa kujua ni mimi, na siwezi tena kumsaidia yeyote kati yao.

Ndugu zangu, ukiulizwa jambo ambalo hukuliona, sema hukuliona, hata kama watu watakucheka. Usimtoe ndugu yako kafara ili wageni wakusifu kwa haki. Na ukiteleza, rekebisha siku hiyohiyo, kabla karatasi haijatoka mkononi mwako. Mimi nilichelewa miezi saba, na sasa nikisema kweli hakuna anayeniamini, isipokuwa yule niliyemwangamiza.